Mita Huku, Swichi Kule

Aliyeupitisha ule ukuta katikati ya nyumba hakuwa fundi, alikuwa karani mwenye rula. Remtulla, mwenye ghala la mbao pale Keko, alipofunga biashara akawafuata wanawe ng'ambo, nyumba yake ya vyumba vinane ikaangukia mikononi mwa ofisi ya nyumba za serikali. Ofisi ikaona kwamba nyumba moja yenye ukumbi mrefu ni anasa, lakini nyumba mbili zenye nusu ukumbi kila moja ni maendeleo. Mafundi wakaja asubuhi na matofali. Jioni ukuta ulikuwa umesimama kuanzia mlango wa mbele hadi uani, na hakuna aliyekuwa ameinua macho kutazama juu. Walipokuja kuinua, saruji imekwisha kauka: mita ya umeme imebaki upande wa kushoto, swichi kubwa imebaki upande wa kulia.

Kushoto alikaa Kornelio, seremala, Mngoni wa Peramiho. Kulia alikaa Sadallah, fundi cherehani, Mndengereko wa Rufiji. Kwa hiyo Mngoni alijua umeme uliotumika ni kiasi gani lakini hakuwa na uwezo wa kuuzima, na Mndengereko aliweza kuizima nyumba nzima lakini hakujua anazima nini. Watu wengine wangepigana. Hawa walikuwa watani, na waliupokea ule ukuta kama zawadi.

Mababu zao walipigana zamani, na kila upande ulidai kwamba ndio uliomkimbiza mwenzake. Kornelio alisema Wandengereko walikimbia hata wakaacha ugali unachemka jikoni. Sadallah alisema ndiyo, waliuacha makusudi, maana Wangoni walikuwa hawajawahi kuona chakula kinachopikwa. Mambo hayo waliyazungumza kila mwezi, siku ya bili. Bili ikija, Kornelio hugonga ukuta mara tatu. Sadallah hutoka na kigoda, Kornelio hutoka na kigoda, wakaketi barazani mbele ya mlango wa Kornelio wakaanza kutukanana juu ya nani kala umeme.

Mchezo ulikuwa na sheria moja tu. Usicheke. Anayecheka kwanza ameshindwa, na aliyeshindwa hununua kahawa.

"Mie nina taa tatu," Kornelio angesema, uso mkavu kama ubao wa mninga. "Hii bili si ya taa tatu. Hii ni ya ile pasi yako. Juzi ulipokuwa ukiinyoosha ile suti ya bwana harusi, Morogoro nzima ilikaa gizani."

"Pasi yangu haina neno," Sadallah angejibu, akitazama barabara. "Tatizo ni zile taa unazowasha chini ya kitanda ulalie mayai. Mngoni gani anayaatamia mwenyewe."

Mpita njia asiyewajua angesimama kuamua ugomvi. Anayewajua alingoja kahawa. Mita yenyewe, kwa maneno ya Kornelio, ilizunguka kwa kasi hata kuku wa mtaa walikuja mchana kusimama chini yake wapate upepo. Mwishowe mmoja midomo humcheza, bega hutikisika, na mambo huishia hapo. Bili waliigawa nusu kwa nusu, na haikuwahi kugawanywa vinginevyo. Waliishi hivyo miaka kumi na moja.

Ndipo ukaja mwaka ule wa kusaka wahujumu uchumi. Wakati huo sabuni na sukari vilikuwa vya kutafutwa kama dawa, na mtu aliyekutwa na katoni mbili kitandani alikuwa na maelezo ya kutoa. Watu walitupa mitaroni mali waliyoinunua kwa jasho lao. Mtaro wa nyuma ya soko uliota vitenge vipya usiku mmoja, na asubuhi hakuna aliyethubutu kuviokota. Sadallah aliacha kupokea vitambaa vya wateja vinavyozidi vazi moja.

Katika mwaka huo, mchana, akaja karani wa ofisi aitwaye Fransis, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye faili chini ya kwapa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Ofisi ilitaka kila mpangaji awe na mita yake, naye alizunguka nyumba zote zilizogawanywa kuuliza nani anatumia nini. Bahati mbaya aliwakuta siku ya bili.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakajibu wote wawili.

"Mita iko huku, swichi iko kule. Sasa nani anatumia zaidi?"

Kornelio hakumtazama Sadallah. Alijua kabisa kwamba Sadallah naye hamtazami. "Bwana karani," alisema, "umefanya vizuri kuja. Andika. Huyu jirani yangu ni mwizi. Amechomeka waya kabla ya mita, pasi yake inapiga bure tangu Uhuru."

Fransis akaacha kuandika. "Mzee, una uhakika?"

"Kama ninavyoiona hiyo kalamu yako."

Karani akamgeukia Sadallah. Hapo Sadallah angecheka, angepoteza vikombe viwili vya kahawa, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini kushindwa mbele ya mgeni ni kushindwa mara mbili. Akakunja uso, akasema polepole, "Ni kweli. Ila usimsahau yeye. Yeye ndiye aliyenishikia ngazi."

"Una uhakika, mzee?" Fransis akamuuliza Kornelio mara ya pili.

"Nina uhakika wa ule waya. Ngazi siijui. Wandengereko hupanda wenyewe, wamelelewa na nyani."

Fransis akaandika. Akaligeuza faili, akamwonyesha Kornelio mahali pa sahihi. Kornelio akaitazama ile kalamu muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili. Pembeni yake alisikia Sadallah anavuta pumzi puani, ile pumzi ya mtu anayebana kicheko kwa nguvu zake zote. Akajua ushindi uko umbali wa sahihi moja. Akatia sahihi.

Karani hajafika hata kwenye kona Sadallah alikwisha anguka kutoka kigodani. Walicheka hata Yustina, mkewe Kornelio, akatoka na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Waligombana hadi jioni nani kacheka kwanza. Kahawa alinunua Sadallah.

Baada ya siku kumi na mbili walikuja watu wanne kwa gari, wakaingia upande wa kulia. Kornelio alikuwa anapiga randa. Aliwasikia wakimuuliza Sadallah jina lake, akasikia kabati likifunguliwa, akasikia Mwajabu, mke wa Sadallah, akisema, "Huo ni utani jamani, waulizeni majirani." Kisha akasikia ngumi ikigonga ukuta, upande ule, mara tatu.

Randa ikasimama.

Yustina alikuwa mlangoni. "Anakuita."

Kornelio alisimama na kushika kitasa. Nje palikuwa na bunduki moja. Wiki ile ile, mtaa wa pili, mtu alikwenda kumtetea shemeji yake mwenye duka naye akapakiwa garini pamoja naye. Na jina la Kornelio lilikuwamo ndani ya lile faili, pamoja na ngazi. Akaachia kitasa. Gari likaondoka.

Siku ile hakutoka. Siku ya pili akaanza kutengeneza kitanda ambacho hakuna aliyekiagiza, cha mninga mtupu, mbao alizokuwa amezihifadhi miaka mitatu. Alipiga msumeno ili asisikie ukimya wa upande wa pili, maana cherehani ile ilikuwa imelia kila siku tangu ukuta ujengwe, na sasa ililala. Siku ya tatu alimaliza miguu ya kitanda. Yustina alimwekea chakula akaondoka bila neno, na huyo alikuwa mwanamke ambaye, Kornelio alipenda kusema, aliwahi kuongea kutoka Songea hadi Dar es Salaam bila kumeza mate.

Siku ya nne akavaa koti la Jumapili akaenda ofisini.

Fransis alimpa kiti. "Mzee, nilikuuliza mara mbili."

"Ulikuwa utani, mwanangu. Yule ni mtani wangu."

"Mimi nina watani pia. Watani wanacheka."

"Sie sheria yetu ni kutocheka."

Fransis alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama anatukanwa. Kisha akaegemea nyuma, na uso wake ukabadilika taratibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Karatasi imekwisha panda juu. Nami siwezi kuishusha. Walitaka majina, mzee. Kila mmoja wetu aliambiwa alete majina."

"Basi niandike mie. Andika nimesema uongo."

Fransis akaandika, Kornelio akatia sahihi, na karatasi ile nayo ikapanda juu kwa mwendo wake. Akaenda hadi alikoshikiliwa Sadallah. Mlangoni akaulizwa yeye ni nani yake. Akasema ni mtani wake. Askari akacheka, akamwambia akalete ndugu wa kweli.

Kilichomtoa Sadallah ni waya. Siku ya tisa mafundi wa umeme walikuja kufunga mita ya pili, na mkubwa mmoja aliyekuja nao akaamuru kwanza utafutwe ule waya wa wizi. Walibomoa dari pande zote mbili. Walikuta kiota cha panya, gazeti la mwaka wa Uhuru na kiatu kimoja cha Remtulla. Waya wa kwanza hadi wa mwisho ulipita kwenye mita. Wakaandika hivyo, wakavuta swichi mpya upande wa kushoto, wakafunga mita mpya upande wa kulia, wakaondoka. Nyumba ikawa imetimia. Kesho yake jioni Sadallah alishuka kwenye basi, ameshika viatu mkononi.

Kornelio alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, amekwisha andaa maneno. Alipomwona alisimama. "Mndengereko, wamekurudisha? Hata jela wamekukataa?"

Sadallah alisimama. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ikamzunguka kama kamba ya ng'ombe aliyofungwa mbuzi. Kikohozi kilimshika, akangoja kipite.

"Sijambo, mzee Kornelio," alisema. "Habari za hapa?"

Mzee Kornelio. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwita hivyo. Lile neno la heshima lilimpiga Kornelio kifuani kuliko tusi lolote ambalo Wandengereko wamewahi kulitunga.

"Salama," alijibu.

"Tunashukuru." Akaingia kwake.

Basi wakaishi kwa adabu. Bili zikaja mbili, kila moja mlangoni pake, wala hapakuwa na cha kugongea ukuta. Kornelio alijaribu. Asubuhi moja alipaza sauti uani kwamba kuku wanalia kwa sababu upepo wa mita umegawanywa, hauwatoshi. Upande wa pili cherehani ilisita kidogo, ikaendelea. Siku ya Idi alituma sahani ya mihogo na ujumbe kwamba ni chakula kilichopikwa, Mndengereko asiogope. Sahani ilirudi imeoshwa, ina mandazi ndani, na salamu: mzee anashukuru sana.

Mara mbili Kornelio alikwenda kuomba radhi waziwazi. Mara ya kwanza Sadallah alimkaribisha kiti akamwambia, "Yamepita, mzee wangu." Mara ya pili alimwambia hivyo hivyo. Hakuna mlango mgumu kuvunja kama ule uliokwisha funguliwa.

Kikohozi hakikuondoka. Cherehani ikaanza kufanya kazi asubuhi tu, kisha siku moja moja, kisha ikafunikwa kitambaa. Waliokuja kumjulia hali wakaambiwa ni kifua. Mwezi wa saba baada ya kurudi kwake, alfajiri, Kornelio alikuwa ananawa uso aliposikia ukuta unagongwa mara tatu.

Alikimbia na maji usoni. Aliyekuwa ameugonga ni Mwajabu.

Mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Jamaa wa Temeke walikuwapo, na wazee wawili wa Rufiji ambao walikuwa mjini kwa shughuli zao. Kulihitajika viunza vya kumfunikia kaburini. Kornelio akasema asiende mtu kutafuta mbao. Aliingia kwake, akakitazama kile kitanda cha mninga ambacho hakukiuza wala hakukilalia, akakibomoa. Alizipiga randa mbao moja moja, ubao baada ya ubao, hadi ukipitisha kiganja hupati hata kibanzi. Uani watu walianza kunong'ona: mtani wa marehemu yuko wapi? Mbona hajaja kufanya fujo? Maiti ya mtu mwenye mtani haitoki nyumbani kwa utulivu namna hii, kama ya mgeni.

Yustina akaja kumwita. "Mwajabu anakutaka."

Mwajabu alikuwa chumbani, amejifunika, wanawake wamemzunguka. Kornelio alisimama nje ya mlango, pazia kati yao.

"Shemeji," Mwajabu alisema, "watu wanakuulizia."

"Nipo, shemeji. Nachonga viunza."

"Sikuuliza mikono yako. Nauliza mdomo wako."

Kornelio alipangusa uso. Vumbi la mninga lilikuwa limemwingia kwenye nyusi. "Mdomo huo ndio uliomtoa humu ndani akiwa mzima. Niache niufunge."

"Uliufunga siku tatu."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja aliguna. Kornelio akashika fremu ya mlango.

"Alijua?"

"Alizihesabu. Hakuniambia kingine. 'Siku tatu, Mwajabu.' Basi."

"Alinisamehe?"

"Hakuniambia. Nami sitakutungia." Kisha sauti yake ikawa ngumu zaidi. "Sikiliza, Mngoni. Mtaa mzima unajua nani alisema mume wangu ni mwizi. Ukinyamaza leo, watakwenda kulala wakisema ulimaanisha. Na mtu aliyeitwa mwizi na mtu aliyemaanisha huzikwa mwizi. Mie nina wajukuu. Nenda kamtukane mume wangu kama ulivyokuwa ukimtukana, watu wasikie ulikuwa mchezo. Ukishindwa, hivyo viunza vyako vichukue ukapikie."

 Kornelio aliingia chumba cha kazi cha Sadallah, akafunua kitambaa juu ya cherehani, akauchukua mkanda wa kupimia akautundika shingoni. Akachukua na ile pasi.

Wanaume walikuwa wamekwisha liinua jeneza. Walipofika mlangoni walimkuta amelala chali kwenye kizingiti, pasi juu ya tumbo, waya wake umemzunguka.

"Haondoki mtu hapa," alisema.

Walisimama. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa akitazama kitu kingine. Nyuma kabisa, karibu na ndoo za maji, Kornelio aliuona uso mwembamba wa Fransis, aliyekuja bila faili.

"Mshusheni nimpekue," Kornelio aliendelea, uso mkavu. "Huyu ni mwizi. Amejitia sanda mapema ili aondoke na waya wangu. Huko anakokwenda hakuna mita. Kesho mtasikia malaika wote wamenyooshewa kanzu, na bili inaletwa kwangu."

Mzee mmoja wa Rufiji akatoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Mwenzake akamtazama, bega likamtikisika.

"Mnacheka nini nyie? Na nyie ni wezi. Babu yenu alikimbia akaacha ugali jikoni, huyu kakimbia kaacha pasi ya moto. Ukoo mzima hawamalizi wanachopika."

Hapo ukimya ukavunjika. Kicheko kilianzia kwa wale wazee wawili, kikapita kwa wabebaji hata jeneza likayumba, kikaingia uani. Ndani, nyuma ya pazia, wanawake walicheka na kulia kwa pumzi moja. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ndivyo walivyokuwa," na mwingine akamjibu, "Ndivyo walivyokuwa siku zote."

Kornelio akaketi, akanyoosha kidole hadi kwenye zile ndoo. "Bwana karani. Andika. Andika yote niliyosema, nami natia sahihi tena."

Fransis aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu pekee ambaye hakucheka.

Kwa desturi mtani hulipwa kidogo ndipo apishe njia. Wakampa, akapokea, akasimama. Lakini hakupisha. Alisogea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya shuka ya kijani iliyolifunika, akangoja. Uso ulikuwa bado mkavu. Siku zote, akishasema lake, alingoja hivi hivi, macho pembeni, na baada ya pumzi mbili tatu jibu lilikuja. Akangoja pumzi mbili. Akangoja ya tatu. Wabebaji wakabadilisha mabega.

Kisha midomo ikamcheza, bega likatikisika, na kitu kikamtoka kifuani. Waliokuwa nyuma walidhani anacheka. Waliokuwa karibu walimshika mikono, wakamwondoa njiani taratibu, jeneza likapita.

Waliporudi kutoka makaburini muuza kahawa alikuwa anapita na birika lake, akigonganisha vikombe. Kornelio alimwita barazani, akamwambia awamiminie watu wote waliopo hadi birika likauke.

"Nani kashindwa?" akauliza mzee mmoja wa Rufiji, aliyekuwa amekwisha simuliwa sheria yao.

"Mie," alisema Kornelio, na kutoa pesa.